Programu gani ya mawasiliano ya kazini kwa watu 25, Mwanza?

Wakuu, kampuni yetu ya sangara ina ofisi Kirumba na vituo Nansio na Sengerema. Kundi la WhatsApp limevurugika: bei, zamu na salamu zote humo humo. Tuhamie wapi? Vituoni mtandao unasuasua.

Jibu 1
Mkuu, Slack ya bure inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, kwa hiyo bei za msimu uliopita hamtaziona. Ningechukua Telegram. Fungua kundi, washa mada (sehemu tofauti ndani ya kundi moja): bei, zamu, hitilafu. Weka historia ionekane kwa wanachama wapya. Faili moja hufika GB 2, ila simu za vituoni zizimiwe upakuaji otomatiki wa picha na video, la sivyo bando litaisha kabla ya saa sita.

Jibu 2
Sawa, lakini mishahara msiijadili huko. Makundi ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule unaofanya ujumbe usomwe na walio kundini tu, si kampuni ya programu. Ya WhatsApp yanao. Tena mtu akiacha kazi, lazima aondolewe kundi kwa kundi. Kwenye Slack au Teams ya Microsoft msimamizi anafunga akaunti mara moja.

Jibu 3
Anzeni na Nansio wiki mbili. Pakikubali pale, Kirumba patakubali.