Mwanafunzi aliyeko Uingereza anayetaka kubadili kozi: je, lazima arudi nyumbani kuomba viza upya?

Mama wa Ujiji

Habari zenu ndugu. Mwanangu alianza shahada ya miaka mitatu ya uhandisi wa umeme nchini Uingereza Septemba 2025, na viza yake inaisha Oktoba 2028. Sasa anaona moyo wake uko kwenye sayansi ya kompyuta, katika chuo hichohicho. Wakala mmoja ananihimiza nilipe fedha ili abadilishiwe viza kuwa ya kazi, lakini nafsi yangu haijatulia. Je, anaruhusiwa kubadili kozi akiwa hukohuko? Na muda ukipungua, ataongezewa?

Kijana wa Gungu

Shikamoo mama. Tafadhali usilipe chochote. Tangu tarehe 17 Julai 2023, mwanafunzi wa shahada ya kwanza haruhusiwi kuhamia viza ya kazi akiwa ndani ya Uingereza kabla ya kumaliza masomo yake.

Kubadili kozi katika chuo kilekile kunaweza kufanyika bila maombi mapya, iwapo chuo kina rekodi nzuri ya kutimiza masharti ya udhamini (yaani masharti ya serikali kwa vyuo vinavyopokea wanafunzi wa kigeni kwa viza), kozi mpya haiko ngazi ya chini kuliko ile ya kwanza, inahusiana na aliyokuwa akisoma au inasaidia malengo yake ya kazi, na itakwisha ndani ya muda wa viza aliyo nayo. Hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Akianza upya mwaka wa kwanza Septemba 2026, atamaliza 2029, yaani baada ya viza kuisha. Na kwa kuwa hatakuwa amemaliza kozi ya awali, kwa kawaida atatakiwa kuombea viza akiwa nje ya Uingereza. Chuo kikikubali masomo aliyokwisha kufaulu na kumwingiza mwaka wa pili, basi atamaliza 2028 na hatahitaji kurudi. Mwambie akaulize hilo chuoni kwanza, mama, na jibu la chuo liwe la maandishi.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Naongeza jambo lililoikuta familia yetu. Mpwa wangu aliacha kuhudhuria vipindi akidhani kwamba kwa kuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba kuhama, mambo yamekamilika. Chuo kinalazimika kuitaarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo mwanafunzi anapoacha masomo, na viza yake ilifupishwa, akabakiwa na siku 60 tu. Kijana aendelee kuhudhuria kozi ya sasa hadi udahili mpya uthibitishwe.

Kurudi nako si safari ndogo kwa sisi wa huku. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na huko ndiko atakakotoa alama za vidole.

Mama wa Ujiji

Marahaba mwanangu, na asante sana mwalimu. Na akiingia mwaka wa pili kisha akafeli somo akalazimika kulirudia, hataondolewa?

Kijana wa Gungu

Hapana, mama. Kurudia mitihani au masomo ni miongoni mwa sababu zinazomruhusu kuomba nyongeza akiwa hukohuko, mradi chuo kimpe uthibitisho mpya wa udahili na aombe kabla viza haijaisha. Akiwahi, anaendelea kukaa kihalali wakati akisubiri uamuzi, ila asisafiri nje ya nchi katika kipindi hicho, kwa maana ombi lake litahesabiwa kuwa limeondolewa. Mtenge pia ada ya huduma za afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, mbali na ada ya ombi lenyewe.

Mama wa Ujiji

Nimezungumza naye jioni hii. Kesho asubuhi anakwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuuliza kuhusu mwaka wa pili, na wakala nimemwambia kwamba sitalipa.