Semina ya maigizo Tanga: tumelipa hela tukafundishwa kulia na kushoto KINYUME!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kikundi chetu cha maigizo kiko Ngamiani, hapa Tanga. Wengi ni vijana wa sekondari. Akaja jamaa anayejiita mkufunzi wa sanaa za maonesho, akaendesha semina ya misamiati ya jukwaani. Elfu thelathini kila mtu, na kijitabu cha fotokopi unanunua pembeni. Kuna binti mama yake anakaanga mihogo, hela ile ilitoka kwenye mtaji. Sitaji jina la mtu, mods msiwe na wasiwasi.

Sasa kijitabu ninacho hapa. Ukurasa wa kwanza kabisa: kulia kwa jukwaa ni upande wa kulia wa mtazamaji. Jamani! Kulia kwa jukwaa ni mkono wa kulia wa MWIGIZAJI akiwa amewaelekea watazamaji. Hata akigeuka akawapa mgongo, kulia kunabaki palepale. Anayetembea na kubeba meza ni yeye, si aliyekaa kwenye kiti ukumbini, kwa hiyo maelekezo ya tamthiliya yanamfuata yeye. Mwongozaji aliyekaa mbele ndiye anayetakiwa kugeuza kichwani mwake.

Tumekuja kuaibika alipotutembelea mwongozaji mzoefu. Onesho la harusi. Akasema, "Wote tokeeni kulia." Waliohudhuria semina wakaenda huku, wasiohudhuria wakaenda kule. Bi harusi akaingia peke yake upande mmoja, kungwi na ngoma nzima wakatokea upande wa pili, bwana harusi kasimama katikati anageuza shingo. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani walicheka hadi wakakaa chini.

Na huu mkanganyiko si mpya, wenzetu waliutafutia dawa zamani. Ufaransa hawahangaiki na kulia na kushoto. Mwaka 1770 kikundi cha maigizo cha Comédie-Française walihamia ukumbi wa kasri la Tuileries, Paris, ambao upande mmoja ulikuwa na ua na upande mwingine bustani. Basi mpaka leo wanasema upande wa ua, yaani kushoto kwa mwigizaji, na upande wa bustani, yaani kulia kwake. Kasri lenyewe lilishabomolewa, lakini huwezi kukosea.

Tuje kwenye "juu" na "chini". Mkufunzi wetu kaandika kwamba juu ya jukwaa ni pale mbele, karibu na watu, "kwa sababu ndipo pa heshima". Heshima gani tena, ndugu yangu? Majukwaa ya zamani Ulaya yalijengwa kwa mteremko, nyuma kumeinuka na mbele kumeshuka, ili mandhari na waigizaji wa nyuma waonekane vizuri. Ukienda nyuma unapanda, ukisogea kwa watazamaji unashuka. Sakafu za siku hizi nyingi ni bapa, lakini lugha imebaki. Na ina kazi: mwigizaji mjanja akisogea juu wakati mnaongea, wewe wa chini inabidi uwape watazamaji mgongo ili umwangalie, uso unaoonekana ni wake tu. Kuna mmoja kwenye kikundi chetu ana tabia hiyo, anajijua.

Mengine nitayapitia haraka maana nikiyaandika yote nitalala na njaa. Maleba, yaani mavazi ya mwigizaji, kayachanganya na vifaa vya mkononi, ati shuka la babu na bakora yake ni kitu kimoja. Meneja wa jukwaa kamwita "msaidizi wa kufunga pazia". Huyo ndiye anayeandika kwenye nakala yake kila nafasi na kila mpito, na siku ya onesho ndiye anayetoa ishara ya taa na sauti, wakati mwongozaji kazi yake imeshakwisha!

Nilimtumia jamaa ujumbe kwa adabu kabisa, shikamoo mwalimu, naomba turekebishe kijitabu. Akajibu kwamba kila nchi ina utaratibu wake, kisha akaniblock. Hajarudisha hata shilingi, na nasikia anatangaza semina hiyohiyo Muheza na Korogwe. Mlioko huko, kabla hamjalipa, mwambieni asimame jukwaani aoneshe kulia kwake.

Na kama humu yupo mtu aliyewahi kuwa meneja wa jukwaa kweli, tunaomba Jumamosi moja tu. Nauli na chakula tutachanga. Njoo PM.