Mjadala: GTA kwenye mabanda ya gemu Kigoma, ibaki, iwekewe umri au iondolewe?

Mwisho wa Reli (mwanzisha mada)
Kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ukichungulia banda la gemu utakuta kitu kimoja kati ya viwili: mpira au GTA. Mpira hauna ubishi. GTA V (Grand Theft Auto V, gemu ya uhalifu ya kampuni ya Rockstar) ndiyo inayogombanisha wazazi, wenye mabanda na wachezaji. Kwa asiyeijua: ilitoka Septemba 2013 kwa mashine za gemu za PS3 na Xbox 360, ikafika PS4 mwaka 2014 na kompyuta Aprili 2015. Unawaendesha wahalifu watatu, Michael, Franklin na Trevor, katika mji wa kubuni wa Los Santos ulioigwa Los Angeles. Kasha la Ulaya limeandikwa 18, yaani ni ya wenye miaka 18 na zaidi. Naomba waijuao watuambie uzuri wake, ubovu wake, na banda lifanye nini. Matusi tuwaachie wahusika wa gemu.

Pedi Mbili
Naanza na sifa, maana wengi wanaoipinga wameitazama dakika tano wakiwa wamesimama mlangoni. Kabla ya wizi wa duka la vito unapewa ubao wa mipango: kuingia kwa vurugu au kwa ujanja, kisha unachagua watu. Mdukuzi Rickie anataka asilimia 4 ya mapato, Paige anataka 15. Ukimchukua Rickie kwa ubahili, muda wa kukusanya vito kabla ya king'ora unakuwa mfupi na kabati nyingi unaziacha. Norm, mpiga bunduki wa bei ya chini, anaanguka na pikipiki mkiwa mnatoroka, begi lake likiwa naye. Rahisi ghali, na gemu haikwambii hivyo kwa mdomo, inakukata kwenye mgawo.

Halafu soko la hisa la ndani ya gemu. Yapo mawili. LCN inafanya kazi bila intaneti, BAWSAQ inategemea seva za Rockstar, kwa hiyo banda lisilo na intaneti lisahau BAWSAQ. Misheni za mauaji anazokupa Lester, mpangaji wa wizi, ndizo zinazotikisa bei. Ya hotelini ni lazima, nne zilizobaki zihifadhi hadi umalize wizi wa mwisho na wote watatu wawe na mtaji. Kabla ya ile ya watu wanne, weka fedha za wote watatu kwenye hisa za kampuni ya Debonaire. Ikipanda kama asilimia 80 uza, nunua za mpinzani wake Redwood zilizoanguka, subiri zipande karibu asilimia 300. Muda unausogeza kwa kulala: Michael saa 6, Franklin 8, Trevor 12. Redwood inahitaji kama siku mbili za ndani ya gemu, yaani Trevor alale mara nne.

Mama wa Gungu
Kaka Pedi, umeeleza vizuri, ila niambie mtoto wa miaka kumi analipia nusu saa na ananunua Debonaire lini? Hapo ndipo ninyi mashabiki mnapokwepa. Hadithi ya gemu hiyo ina misheni zaidi ya 60 na inataka makumi ya saa. Banda linaiuza kwa vipande. Mtoto akikaa anakuta sevu (mchezo uliohifadhiwa) ya mtu mwingine, haijui hadithi, Kiingereza cha mitaani hakisikii. Anachofanya ni kupora gari, kugonga watu, kuita polisi, kufa, kuanza tena. Ubao wa mipango hauoni kamwe. Gemu mnayoisifia na gemu inayochezwa Buzebazeba ni vitu viwili tofauti.

Pedi Mbili
Mama, hapo umenibana. Nakubali. Hata chiti (misimbo ya siri ya kujipa silaha au nguvu) zinalisha tabia hiyo hiyo: kwenye GTA V hazifanyi kazi ndani ya misheni, wala hakuna chiti ya fedha. Anayeishi kwa chiti anabaki barabarani tu.

Mwalimu wa Katubuka
Niongeze la lugha. Gemu hii haina maandishi ya Kiswahili. Redio, matangazo ya biashara, hata simu za wahusika ni kejeli dhidi ya Marekani: tamaa ya pesa, wanasiasa, wauza dini. Asiyeishika lugha hapati kejeli, anabaki na risasi. Kichekesho kikipotea, kinachobaki si gemu kamili.

Na hata kwa anayeielewa kuna pabaya. Ile misheni ya Trevor ya kumtesa mtu ili aseme: ukishindwa mara tatu gemu inakuruhusu kuruka kipande, lakini hadi hapo umeshaona ya kutosha. Waandishi walikusudia kukosoa utesaji, huku wakikulazimisha ubonyeze vitufe wewe. Kwa mtu mzima kuna cha kujadili. Kwa mtoto sioni. Wanawake nao: wahusika wakuu watatu, hakuna mwanamke hata mmoja, na waliopo wengi ni wa kuchekwa.

Asiyeamini Haraka
Mwalimu, nakubaliana na umri, ila tusiseme gemu inazaa majambazi. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio: kundi moja lilicheza GTA V kila siku kwa miezi miwili, jingine The Sims 3, gemu tulivu ya maisha ya nyumbani, la tatu halikucheza. Ukali haukuongezeka.

Mwalimu wa Katubuka
Soma waliocheza walikuwa nani. Watu wazima, miaka 18 hadi 45. Huwezi kuchukua majibu yao ukamvisha mtoto wa darasa la nne.

Asiyeamini Haraka
Sawa. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, kama elfu moja, na wazazi wao wakaulizwa pia. Hawakuona uhusiano na ukali.

Mama wa Gungu
Miaka 14. Mimi nazungumzia kumi. Na hata asipokuwa jambazi, mbona filamu ya kiwango hicho msingemwonyesha? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Kasha linasema 18. Mnabishana nini?

Fundi Lumumba
Mnaongea sana, wenye mabanda wanataka hatua. PS3 kwanza: mipangilio, usalama, udhibiti wa wazazi, ngazi 1 hadi 11. Namba ndogo ndiyo kali. Weka 5, gemu za watu wazima zinakataa kufunguka hadi namba ya siri. Zuio linasoma alama iliyomo kwenye gemu, hivyo jaribu kila gemu moja moja kabla hujaliamini.

Sevu: kwenye PS4 fungua mtumiaji kwa kila mteja mkubwa wa kudumu, mashine inaruhusu hadi 16. Hapo mtu anaendelea na hadithi yake badala ya kuharibu ya mwenzake, na lile tatizo la mama la vipande linapungua kwa wakubwa.

Umeme: PS4 inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo si adui mkubwa. Adui ni kukatika wakati alama ya kujihifadhi inazunguka kwenye kona. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inabeba PS4 na runinga ya inchi 32 kwa dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima. Ikishazimika vibaya na kuanza kusitasita: izime, shikilia kitufe cha kuwashia hadi mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5 ijenge upya orodha yake. Nyuma iache sentimita 10 na ukuta, vumbi la kiangazi linaziba feni.

Wenye kompyuta kuukuu na GTA San Andreas, iliyotoka kwanza 2004: usizime kizuizi cha fremu (frame limiter kwenye mipangilio), mhusika mkuu CJ ataogelea kama kobe. Ikikataa kufunguka au kipanya kikifa, futa faili la gta_sa.set. Na usihifadhi baada ya chiti ya kuwachochea wapita njia, haitoki kwenye sevu hiyo.

Mwisho wa Reli
Fundi, hiyo namba ya siri ya PS3 inakuja ikiwa ngapi?

Fundi Lumumba
0000. Watoto wa Ujiji wanaijua kuliko wewe. Ibadilishe leo.