Waliotolewa tonsili (mafindofindo), tupeane uzoefu: kisu, moto au hii mpya ya koblesheni?

BintiKizingo
Assalaam aleikum jamani. Jana kwenye matatu ya Bamburi, hapa Mombasa, kulikuwa na mtoto kalala pajani kwa mamake, mdomo wazi, anakoroma mpaka abiria wanageuka. Mara pumzi ikakatika. Kimya. Kisha akashtuka, akaivuta kwa nguvu. Mamake akasema, "Ndivyo alivyo huyu, akikua ataacha." Moyo ulinienda mbio, maana wangu alikuwa vivyo hivyo kabla hajatolewa tonsili na nyama za pua. Waliopitia, hebu semeni: mlifanyiwa kwa njia gani, na ugumu ulikuwa wapi? Wangu alitolewa kwa chuma tupu. Alitiwa nusukaputi, daktari akapitia mdomoni, shingoni hakuna kovu, akaibandua tonsili nzima na ganda lake kutoka kwenye msuli, mishipa akaifunga kwa uzi. Usiku ule nilimsikia anavyopumua, nikalia.

Majengo_Juu
Mimi nilikuwa mtu mzima tayari. Kumeza mate ilikuwa kama kumeza miba ya tasi. Na masikio! Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu masikio.

SautiYaTudor
Masikio wallahi. Nilidhani nimepata ugonjwa mwingine.

Nesi_wa_Thieta
Koo na sikio vinashirikiana mshipa wa fahamu, ndiyo maana maumivu yanahamia huko. Sikio lenyewe ni zima.

NyanyaWaKuze
Wanangu, zamani hatukuhangaika hivi. Wangu wote walikatwa kimio na mzee mmoja, wakaacha kukohoa, wakakua. Hizo thieta ni za kumaliza pesa.

Tabibu_Kisauni
Shikamoo nyanya. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia katikati. Tonsili ni mbili, ziko kando, moja kila upande. Ukikata kimio tonsili bado zipo palepale na ugonjwa wake. Nimepokea watoto waliokatwa majumbani kwa kisu kisichochemshwa, wanavuja damu, koo limeoza. Na pepopunda haingoji.

NyanyaWaKuze
Marahaba. Lakini wangu hawakuoza.

SautiYaTudor
Nyanya, nakuheshimu, lakini binamu yangu alikatwa hivyo na hatunaye. Tafadhali usiwashauri watu hapa.

MamaFeri_Mtongwe
Nitaandika kirefu, mnivumilie, sijawahi kuyasema haya popote. Wangu alitolewa kwa moto, ile ya umeme, kifaa kinakata na kuziba damu papo hapo. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kesho yake tukarudishwa Mtongwe, ng'ambo ya feri, na dawa za maumivu tu, bila karatasi wala neno la nini cha kuogopa. Wiki ilipokaribia kwisha mtoto anacheza, anataka viazi karai, mimi namnyima. Usiku nikamsikia anameza. Amelala, lakini anameza, anameza, anameza. Nikawasha taa. Akaketi, akatapika mabonge meusi, halafu damu nyekundu mbichi. Babake yuko zamu ya usiku bandarini. Nikagonga kwa jirani mwenye tuktuk, mkewe akatoka na besheni, akaniambia usimlaze chali, mkalishe ainame mbele, ateme, asimeze. Yule mama Mungu amlipe.

Tunafika Likoni, feri ndiyo inaondoka. Naziona taa zake zinakwenda. Askari wa lango alipoona besheni alitupitisha mbele ya magari yote, na feri ya pili ilipotia gati watu wakapaza sauti, "Mgonjwa! Pisheni!" Wanaume wasionijua waliizunguka tuktuk mpaka ng'ambo, mmoja akinishikia besheni. Mtoto mikono imemtoka baridi, ananiangalia tu, hasemi. Hospitali iliyompasua, sitaitaja, mapokezi wakataka amana kwanza. Nikawawekea besheni mezani. Daktari kijana wa zamu akasikia kelele, akaja mbio na taa kichwani, akambeba mwenyewe. Akatiwa damu, akarudishwa thieta, mshipa ukazibwa upya. Leo yuko kidato cha pili, alhamdulillah. Lakini mimi nikisikia mtu anameza usingizini, hata babake, naamka.

Majengo_Juu
Subhanallah. Nimesoma nimesimama.

KakaMvita
Itaje hiyo hospitali! Kunyamaza ndiko kunakowapa kiburi.

BintiKizingo
Kaka, asitaje mtu jina hapa. Tunazungumza uzoefu.

KakaMvita
Uzoefu bila jina unamsaidia nani?

MamaFeri_Mtongwe
Unamsaidia mama atakayesikia mtoto anameza-meza usiku, akajua ni damu. Hilo ndilo nililotaka kusema.

Nesi_wa_Thieta
Pole sana mamangu. Kwa heshima niongeze: kila njia inaweza kutoa damu. Hatari ni mara mbili, saa 24 za mwanzo, kisha kati ya siku ya 5 na ya 10, ule utando mweupe juu ya kidonda unapobanduka.

MamaFeri_Mtongwe
Mbona nyinyi wa hospitali mnateteana? Nani aliniambia hayo wakati ule?

Nesi_wa_Thieta
Simtetei mtu. Kumpeleka mtoto ng'ambo ya feri bila maelezo ni kosa, nasema wazi. Na moto una lawama yake. Uingereza walifuatilia wagonjwa zaidi ya 33,000 kati ya 2003 na 2004, waliotolewa kwa moto wakaonekana kutoka damu siku za baadaye mara nyingi zaidi kuliko wa chuma. Moto unapunguza damu mezani, lakini unaunguza na nyama ya pembeni. Hii mpya, koblesheni, inapitisha mawimbi ya redio kwenye maji ya chumvi, nyama inayeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hadi 70 hivi, wakati umeme wa kawaida unapita 400. Wengi huumwa kidogo zaidi ya hapo, lakini damu bado inaweza kuja. Mkono wa daktari una uzito wake pia. Muulizeni: njia ipi umeizoea?

Majengo_Juu
"Huumwa kidogo zaidi ya hapo" ndiyo nini?

Nesi_wa_Thieta
Maumivu yanapungua, namaanisha.

ShangaziBamburi
Wangu walimpunguza tu, hawakutoa yote. Walikwangua ndani wakaacha ganda jembamba juu ya msuli. Shida yake ilikuwa kukoroma, si homa. Siku chache anakula wali. Tuliambiwa zinaweza kuota tena mara mojamoja.

SautiYaTudor
Na ule utando mweupe? Mamangu alisema ni usaha, anataka kuukwangua kwa chumvi.

Tabibu_Kisauni
Msiuguse! Ni kidonda kinapona. Mdomo utanuka, ni kawaida. Na aspirini asipewe, inazidisha damu. Kodeini pia, mwaka 2013 Marekani walitoa onyo kali kwa watoto waliotolewa tonsili, baadhi walikufa kwa kushindwa kupumua.

Majengo_Juu
Chakula? Mimi nilikunywa madafu baridi na faluda tu, nikapona.

KakaMvita
Daktari wangu mzee alinilazimisha kutafuna mkate mkavu. Koo likitumika linajisafisha, alisema.

ShangaziBamburi
Mkate mkavu! Hapana. Uji wa mchele upoe, basi.

KakaMvita
Mpeni aiskrimu mchana na mkate usiku, mnyamaze wote wawili.

Tabibu_Kisauni
Ale anachoweza, muhimu anywe sana. Koo likikauka linauma zaidi. Kachri, pilipili, ndimu na ukwaju, hapana.

NyanyaWaKuze
Na mtoto ambaye homa yake ni mara moja kwa mwaka, naye akatolewe?

Tabibu_Kisauni
Hapo nyanya uko sawa kabisa. Kwa homa za koo, kipimo tunachotumia ni mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Chini ya hapo tunasubiri, nyingi hupungua zenyewe. Anayekatika pumzi usingizini ni jambo jingine. Yule wa matatu apelekwe.

UmmuLikoni
Wangu ni wiki ijayo, kwa chuma. Tulipanga baada ya hapo twende Lamu likizo.

Nesi_wa_Thieta
Lamu ahirisheni. Wiki 2 msiwe mbali na hospitali yenye thieta usiku.

MamaFeri_Mtongwe
Na usiku usilale Likoni, dada. Huna jamaa kisiwani?

UmmuLikoni
Wifi yangu yuko Tononoka. Nampigia sasa hivi.