Naomba ushauri: mtoano wa NBA unaninyima usingizi

Wakuu, salaam. Msimu wa kawaida wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, una mechi 82 kwa kila timu na huwa naangalia nikiwa nimetulia, hata tukifungwa nalala vizuri tu. Ila huku kwenye mtoano, ambako anayetangulia kushinda mechi 4 ndiye anasonga mbele, kila mpira unaopotea nausikia tumboni.

Sasa timu yangu iko nyuma kwa mechi 3-1. Rafiki yangu anasema nikubali yaishe. Namkumbusha fainali za 2016: Cleveland walikuwa nyuma hivyohivyo mbele ya Golden State, timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule, na bado wakabeba ubingwa. Naye ananirushia Boston ya 2023, waliotoka nyuma 3-0 dhidi ya Miami wakasawazisha 3-3, halafu mechi ya saba wakalala nyumbani kwao. Hiyo kwangu inauma kuliko kupigwa 4-0.

Naombeni ushauri: mechi ya tano niiangalie moja kwa moja, au nizime simu nikutane na matokeo asubuhi? Na zile dakika mbili za mwisho, mnazivukaje? Mimi hutoka chumbani, nikisikia kelele ndipo narudi.