Naomba ushauri: VG (fungu la diski la LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia diski) inagoma kuhamia seva ya pili baada ya kuongeza LUN (diski inayotolewa na storeji)

Wakuu, habari. Seva mbili (A na B) za RHEL 9 (Linux ya Red Hat) zenye Pacemaker (programu ya kuhamisha huduma kati ya seva) zinatumia storeji moja ya iSCSI (diski kupitia mtandao). VG inalindwa kwa system_id (kitambulisho cha seva inayoimiliki). Kwenye kundi la rasilimali za Pacemaker, LVM-activate (inayowasha VG) inatangulia, kisha Filesystem (inayopachika mfumo wa faili) ya XFS. Nimeongeza LUN kwa vgextend (amri ya kupanua VG) kwenye seva A, ikawa shwari. Huduma zikihamia B, LVM-activate inagoma: PV (diski iliyo ndani ya VG) moja haionekani, ingawa amri ya lsblk inaiona diski.

Nalishuku faili la /etc/lvm/devices/system.devices (orodha ya diski ambazo LVM inaruhusiwa kuzitumia), maana kila seva ina faili lake na B haijasajili LUN hiyo. Je, nipige lvmdevices --adddev huko B, au niweke use_devicesfile=0 (kuzima orodha hiyo) pande zote? Hiyo ya pili naiogopa, LVM itachungulia hata LUN za mashine pepe. Na kwa multipath (njia kadhaa za kufikia diski moja), nisajili /dev/mapper/mpathb pekee?