Wa Tanga: hivi EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC (ile ya Kusini mwa Afrika) zinatusaidiaje kwenye biashara na usalama?

Machungwa_Muheza
Wakuu habari za jioni. Niko Muheza, namsaidia mjomba kupakia machungwa kwenye fuso yanaenda Kenya kupitia Horohoro. Juzi dereva kafika mpakani kakutana na jamaa anamwambia toa hela nikutengenezee cheti, akatoa maana machungwa yakilala juani yameisha. Sasa nauliza, si tuliambiwa ushuru ndani ya Afrika Mashariki umefutwa? Na kwa nini tuko SADC pia halafu wanajeshi wetu walienda Kongo, walienda kwa jumuiya ipi? Naombeni mnieleweshe.

Bint_Mkinga
Pole sana kaka, huyo ni kishoka hana kazi pale. Ushuru wa forodha kweli umefutwa kwa bidhaa za humuhumu, umoja wa forodha ulianza 2005, ila lazima uonyeshe kuwa mzigo ni wa hapa, ndo kazi ya cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 na uko kwenye orodha ya bidhaa walizokubaliana unapewa kile cha wafanyabiashara wadogo palepale forodha, unajaza fomu unagongewa muhuri basi. Ukizidi hapo unatafuta cheti kikubwa kabla gari haijaondoka Muheza. Na machungwa yanataka cheti cha afya ya mimea, hicho wengi wanakisahau wanakuja kukwama getini. Kinachofutwa ni ushuru wa forodha lakini, siyo kila tozo, kwa hiyo risiti dai kila unapolipa.

Mzee_wa_Chumbageni
Kijana umeuliza la maana. Kwenye biashara EAC wameenda mbali zaidi maana ndo yenye umoja wa forodha, SADC wao waliishia kwenye eneo huru la biashara 2008. Ulinzi sasa, SADC wana mkataba wa kulindana, ulisainiwa hapahapa Dar 2003. Kwa hiyo Msumbiji kule Cabo Delgado kulipochafuka jeshi la SADC likaingia 2021 na sisi tukiwemo, tena lilituhusu kabisa maana wale magaidi walishavuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, Mtwara, 2020. Kongo walianza EAC mwishoni mwa 2022, serikali ya Kongo ikaona hawapigani na waasi wa M23 ikakataa kuwaongezea muda, SADC wakaingia Desemba 2023 na vijana wa Afrika Kusini, Malawi na wetu. Mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, mwezi wa pili marais wa jumuiya zote mbili wakakaa Dar kikao kimoja, na Machi SADC wakaamua kuwarudisha askari. Inaniuma sana kwa vijana waliokufa kule wakati Kongo na Rwanda, inayodaiwa kuwasaidia hao M23, wote ni wanachama wa EAC, walitakiwa wamalizane mezani mapema.

Pangani_Boy
Mzee uko sahihi ila tatizo hilohilo liko kwenye biashara, kule juu wanaamua kwa kukubaliana wote, nchi moja ikigoma inasimama. Si mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilivyozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, hata walipofungua kwa masharti siku chache baadaye bado ikawa shida, mpaka mama Samia alipoenda Nairobi mwezi wa tano wakakaa na Kenyatta ndo vikwazo vikaanza kulegea. Sumukuvu ni hatari kweli sikatai, ila ungepimwa mzigo mmoja mmoja siyo kufunga nchi nzima. Na sisi tukimfungia mwenzetu tunamuumiza vilevile, wa mpakani wote wanakula kupitia mzigo huohuo.

Machungwa_Muheza
Asanteni sana aisee, dada na mzee Mungu awabariki. Dada, cheti cha afya ya mimea mjomba akichukue wapi, hukuhuku Muheza au mpaka mpakani?

Bint_Mkinga
Aulize kwa watu wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla hajapakia, mkaguzi anataka kuyaona machungwa yenyewe, mkishajaza fuso mtalazimika kushusha.